Jinsi ya kuutambua mvule kwa jani, ua na tunda, na kujua upi dume na upi jike

Misimu mitatu nilikuwa nakwenda chini ya mvule mmoja huko Muheza, kandokando ya shamba la michungwa, nikisubiri mbegu. Mti wenyewe mkubwa, watu wawili tuliukumbatia mikono isikutane. Ukipukutisha majani nipo, ukichipua nipo, ukitoa maua nipo, halafu basi, hakuna tunda hata moja. Nikaamini popo wananiwahi usiku. Msimu wa tatu akapita bibi mmoja wa jirani amejitwika kuni. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba, akaniuliza natafuta nini huko juu. Nilipomweleza akautua mzigo, akautazama mti, akaniambia: "Mjukuu wangu, huu dume huu. Utazeekea hapa. Mwenzake yuko kule bondeni, yule ndiye anayezaa."

Mimi mvule nilikuwa naujua kwa gome na kwa ubao wake, kama wengi tunavyoujua. Ua lake sikuwahi kulitazama kwa makini. Tangu siku ile nashikilia jambo moja: mvule hauthibitishwi kwa alama moja, na aliyeutambua bila kujua kama ni dume au jike ameishia nusu ya safari. Mivule jike ndiyo inayotoa mbegu. Kijiji kikibakiwa na madume matupu, mivule itakuwa imesimama pale kwa miaka mingi lakini uzao wake umekwisha, na hakuna atakayegundua mpaka miti yenyewe ianguke.

Mwongozo huu unafuata mpangilio ninaoutumia mwenyewe porini. Huhitaji kuwa mtaalamu, ila unahitaji subira, kwa sababu jani utaliona leo, ua na tunda huenda vikakutaka urudi mara mbili au tatu.

Vitu vya kubeba

Darubini ni ya lazima, hata ile ndogo, maana mvule unaweza kupanda hadi mita 50 na matawi ya kwanza mara nyingi yako mita 20 au zaidi kutoka chini. Beba lenzi ndogo ya kukuza mara 10, rula, daftari, penseli (wino unafutika ukilowa), magazeti ya zamani ya kukaushia majani, na simu ya kupigia picha. Panga liache nyumbani. Watu wengi wakifika kwenye mti jambo la kwanza ni kuukwangua gome, na kila anayepita akiacha kidonda chake mti unaishia kuoza pembeni. Yote utakayosoma hapa yanawezekana bila kuukata mti.

Na kabla hujaenda, ulizia ruhusa. Ndani ya hifadhi kama ile ya Amani, kwenye milima ya Usambara Mashariki, huruhusiwi kuchukua hata kitawi bila kibali. Nje ya hifadhi pia, mivule mingi mikubwa imesalia kwa sababu wazee waliilinda, iko kwenye makaburi au mahali pa matambiko. Kwa Wamijikenda wa pwani ya Kenya, misitu yao ya kaya, ambayo UNESCO iliiingiza kwenye orodha ya urithi wa dunia mwaka 2008, ina miiko ya kutokata wala kubeba kitu. Mwenye mahali umwone kwanza.

Ujue ukoo wake

Hatua hii unaifanya ukiwa umekaa, nayo itakurahisishia zote zinazofuata. Mvule ni ndugu wa mfenesi, mshelisheli, mforsadi na mkuyu. Ukoo huu wote una utomvu mweupe kama maziwa. Wote una maua madogo sana yaliyosongamana pamoja, kiasi kwamba unachokiita ua moja ni mamia ya maua. Na matunda yao mengi ni ya namna hiyo hiyo. Pasua fenesi uone: kila kokwa pamoja na nyama yake ya njano lilikuwa ua moja, yakaungana yote yakawa mwili mmoja. Lishike hilo akilini, kwa sababu tunda la mvule ni fenesi dogo lililorefuka.

Jina lake la kisayansi ni Milicia excelsa. Kwenye vitabu vilivyochapishwa kabla ya 1982 utaukuta kama Chlorophora excelsa, mti ni uleule. Wafanyabiashara wa mbao duniani wanauita iroko, Ghana wanauita odum, Kongo kambala, Msumbiji tule, na Uganda muvule. Ukisoma lolote mtandaoni kwa majina hayo, linakuhusu.

Hatua ya kwanza: usiukaribie mara moja

Simama mbali, umbali ambao kichwa chote cha mti unakiona. Shina la mvule uliokomaa limenyooka kama nguzo, la mviringo, bila matawi kwa sehemu kubwa ya urefu wake. Chini halina zile mbavu pana zinazotanuka kama ukuta ambazo utaziona kwenye miti mingine mingi mikubwa ya msituni. Zikiwepo ni fupi na butu, ni mizizi tu iliyovimba shingoni. Juu, matawi machache manene yanatoka karibu ya kulala, na kichwa kinatandazika kama mwavuli.

Sasa sogea. Gome la mti mzima ni nene, la kijivu hadi kahawia iliyoiva, na linabanduka kwa vigamba vidogovidogo, kamwe si kwa maganda marefu yanayoning'inia. Mti mchanga gome lake ni la kijivu na halijachakaa hivyo. Yote haya yaandike, lakini usihitimishe. Gome linabadilika kwa umri, kwa unyevu, kwa kuvu na kwa moto wa kichaka, na ndilo lililonidanganya kwamba naujua mti huu.

Hatua ya pili: jani

Hapa ndipo pa kutulia. Tatizo la kwanza ni kulipata jani ambalo kweli ni la mti huo. Chini ya mti wowote msituni kuna majani ya miti mitano, na mara nyingi kuna mtambaazi uliopanda shina na kutoa majani yake juu. Namna ninayoifanya ni hii: natafuta kitawi kilichovunjwa na upepo au tumbili, chenye majani zaidi ya matatu bado yameshikamana. Kikikosekana naokota majani kumi yaliyoanguka, nayapanga kwa kufanana, kisha natazama kwa darubini ni aina ipi iliyo juu.

Ukiwa na kitawi mkononi, angalia mpangilio kwanza. Majani ya mvule yanapishana: moja kushoto, linalofuata kulia juu kidogo. Hayaelekeani wawili wawili. Hii peke yake inautoa mtiki, ambao pale Longuza chini ya Amani umepandwa maeneo makubwa na wageni huuchanganya na mvule kwa sababu zote ni mbao zenye sifa moja sokoni. Majani ya mtiki yanaelekeana. Pia jani la mvule ni moja, zima. Halijagawanyika vijani vidogo kama la mkangazi au la mninga.

Vunja kikonyo cha jani bichi. Ndani ya sekunde chache litoke tone jeupe. Likitoka maji tu, huo si mvule, usiendelee. Ila tone jeupe halikupi mvule, linakupa ukoo tu, tena si lazima ukoo huo. Mnyaa nao una utomvu mweupe, nao ukiingia machoni unaunguza vibaya. Kwa hiyo kanuni ya kudumu ni moja: utomvu usiguse uso, na nawa mikono kabla ya kula.

Baada ya hapo pima. Jani la mti mzima lina urefu wa sentimita 10 hadi 20 na upana wa 5 hadi 10, umbo la yai lililorefuka. Ncha inachongoka ghafla kama kidole kifupi. Shingoni, pale kikonyo kinapoungana na jani, ni mviringo au pana mbonyeo kidogo kama wa moyo, na mara nyingi upande mmoja umeshuka kuliko mwingine. Kikonyo chenyewe ni kirefu cha kutosha kukishika kwa vidole viwili, kati ya sentimita 2.5 na 6.

Kisha geuza jani uangalie mgongo wake. Kama ningeruhusiwa kuchagua alama moja tu ya jani, ningechagua hii. Mshipa mkuu umesimama wazi, na kutoka kwake inatoka mishipa ya pembeni mingi, kati ya jozi 10 na 20 hivi, imenyooka, inakwenda sambamba kama mbavu za samaki, kisha karibu na ukingo inajikunja kuelekea juu na kugusana na mwenzake. Mara nyingi rangi yake ni ya manjano kuliko jani lenyewe, kwa hiyo ukiliinua jani kwenye mwanga unaona ngazi. Zihesabu upande mmoja. Jani lenye mbavu nne au tano tu kila upande, hata likiwa na utomvu na umbo la yai, si la mvule.

Katikati ya mbavu hizo kuna wavu wa vijishipa vidogo. Weka lenzi, sogeza jicho karibu kabisa na lenzi, kisha inua jani mpaka likae wazi. Ndani ya vijumba vya wavu ule utaona manyoya mafupi mno, mepesi, ambayo kwa jicho tupu hayaonekani ila yanaufanya mgongo wa jani upauke kidogo. Juu ya jani ni laini, kijani kilichokolea. Ukingo ni mzima, hauna meno. Na majani yakizeeka yanageuka manjano kabla ya kuanguka, ndiyo maana msimu wa kupukutika unaweza kuutambua mvule chini kwa zulia la manjano kabla hujainua kichwa.

Mche una jani lake

Yote niliyosema ni ya mti mzima. Mche na mti mchanga una jani ambalo ukiwekewa mezani pamoja na la mama yake utakataa kuwa ni mti mmoja. Ni kubwa zaidi, ukingo wake una meno madogo kama msumeno, na ukilipitisha kidole linakwaruza. Mti ukikua meno yanapotea, ukwaruzo unapotea, jani linapungua ukubwa. Hata mti mkubwa ukikatwa na kisiki kikachipua, machipukizi yale yanarudi kwenye jani la utotoni. Nimeona watu wakiling'oa chipukizi la mvule shambani wakidhani ni gugu, kwa sababu tu jani halikufanana na lile wanalolijua.

Mche pia unachanganywa na msasa, mti ule ambao majani yake mafundi wa zamani waliyatumia kusugulia mbao hadi jina lake likahamia kwenye karatasi ya dukani. Yote mawili yanakwaruza, yote yana utomvu. Tazama shingo ya jani. La msasa lina mishipa mitatu mikubwa inayoanzia pamoja pale kwenye kikonyo, mmoja katikati na miwili pembeni inayopanda juu. La mvule lina mshipa mkuu mmoja, na mbavu zote zinatoka kwake kwa zamu.

Kuna alama nyingine ya mche ambayo ni huzuni kuiona lakini inasaidia. Kuna kidudu kidogo, jamii ya Phytolyma, ambacho chakula chake ni mvule na ndugu zake wa karibu. Kinataga mayai kwenye chipukizi laini, na mahali kichanga chake kinapoingia panavimba kuwa kinundu cha kijani kama punje ya kunde. Vinundu vikipasuka, ncha ya mche inaoza na kufa, mche unachipua upya pembeni, unashambuliwa tena. Ukikuta mche wenye jani la meno, utomvu mweupe, na ncha imejaa vinundu au imenyauka, uwezekano ni mkubwa kwamba ni mvule. Kidudu hicho ndicho pia kinachofanya kupanda mashamba ya mvule mtupu kuwe kugumu sana.

Hatua ya tatu: ua, na hapo ndipo jinsia

Kila mtu wa pwani anajua kuna papai dume na papai jike. Mvule ni hivyohivyo: mti mmoja una maua ya kiume tu au ya kike tu. Tofauti ni kwamba mpapai unauchungulia kwa kusimama, mvule unauchungulia kwa darubini huku shingo inauma.

Wakati wenyewe haufanani kila mahali, kwa hiyo usifuate kalenda ya mtu mwingine, fuata mti. Mvule hupukutisha majani na kukaa mtupu muda mfupi. Mara chipukizi jipya linapoanza kufunguka, maua yanatoka pamoja nalo, kwenye vitawi vya juu vya mwaka huo. Ukiona matawi yamekuwa matupu, jiandae kurudi kila baada ya siku tatu au nne.

Mvule dume unatoa mikia. Ndilo neno ninalolitumia kwa sababu ndivyo inavyoonekana: mikia myembamba, myeupe, yenye urefu wa sentimita 15 hadi 20, inaning'inia na kuyumba na upepo. Ua halina petali za kuvutia wadudu, kwa kuwa chavua yake inachukuliwa na upepo. Mikia ikimaliza kazi inaanguka yote, na hapo mti unakusaidia, kwani asubuhi moja utakuta ardhi imejaa nyuzi zilizosinyaa kama vipande vya kamba ya katani. Okota mmoja, uweke kwenye kiganja, uuangalie kwa lenzi. Utaona kwamba ni maua mengi yamebanana kuuzunguka uti mmoja kama punje kwenye gunzi, na kutoka kila moja vimetokeza vijiti vidogo vya chavua. Vifuko vya chavua vikiwa bado havijamwaga, ukiupiga mkia kwenye kitambaa cheusi unaacha vumbi.

Mvule jike una kitu tofauti kabisa, na ndiyo sababu watu wengi hawakioni. Ni kifupi, kinene, cha kijani, urefu wa sentimita 5 hivi na unene wa karibu 2, kimesimama kati ya majani mapya yenye rangi ileile. Hakining'inii. Ukikipata kwa darubini utaona kimezungukwa na nywele nyingi nyembamba, kama kiwavi mwenye manyoya. Kila unywele ni ulimi wa ua moja unaosubiri chavua. Kikishapata chavua nywele zinakauka na chenyewe kinaanza kunenepa.

Wapo wanaosema dume lina matawi membamba na jike manene, na ni kweli tofauti hiyo hutajwa na wenye uzoefu. Mimi siitegemei. Mti uliokulia kivulini na uliokulia wazi vinaweza kutofautiana zaidi ya hapo. Subiri ua.

Kama mvule wako umepita msimu bila kuona mkia wala kitu cha kijani, usiandike jike, usiandike dume. Andika "haijulikani" na tarehe. Mti mchanga bado hauna maua, na mti mkubwa nao unaweza kupumzika.

Hatua ya nne: tunda

Tunda linamaliza ubishi wote. Hakuna mti mwingine wa misitu yetu ya pwani na mabonde wenye tunda hili pamoja na jani lile.

Ni kipande cha mviringo mrefu, sentimita 5 hadi 7.5 kwa urefu, unene wa 2 hadi 2.5, kijani hata likiiva, limekunjamana ngozi yake kama kiwavi aliyeshiba. Halibadiliki kuwa jekundu wala zambarau kama forsadi. Kuiva kwake unakujua kwa kulibonyeza: bichi ni gumu, bivu linabonyea.

Okota lililoanguka usiku, ulikate kwa ukucha kutoka kichwani hadi mkiani. Katikati kuna uti. Kuuzunguka kuna nyama laini, yenye maji, na ndani ya nyama hiyo zimetapakaa mbegu ndogo, kila moja milimita 2 hivi, ngumu, rangi ya kahawia, bapa kidogo. Paka nyama kidogo kwenye kiganja, isugue kwa kidole gumba, utazihisi kama mchanga. Hapo ndipo nilipoamini yale maneno ya fenesi: kila mbegu ilikuwa na ua lake, na nyama yake, vikabanana vikawa kitu kimoja. Maajabu ni kwamba mti wa mita 50 unaanzia kwenye kitu unachoweza kukipuliza kikapotea kwenye mikunjo ya kiganja.

Mara nyingi hutapata tunda zima. Popo wala-matunda na ndege wanaufahamu mti jike kuliko sisi. Popo analing'oa tunda, anakwenda nalo kwenye mti mwingine, anafyonza maji na kutema makapi. Kwa hiyo tafuta chini ya miti ya jirani: vidonge vya makapi makavu yaliyosokotwa, na kinyesi chenye mbegu. Mbegu zinapita tumboni mwao zikiwa salama, na ndivyo mvule unavyosafiri kutoka bonde moja hadi jingine. Ukizikuta, fuata nyuma, jike haliko mbali sana. Bibi yule hakusoma kitabu, alikuwa anasikia kelele za popo usiku zinatokea upande gani.

Miti inayokuchanganya

Msasa nimeshauzungumzia. Uliokomaa unajifichua wenyewe, maana jani lake linaendelea kukwaruza pande zote mbili hadi uzeeni, na unazaa vikuyu vidogo vya duara.

Mkuyu ni rahisi. Gome lake lina umanjano au ukijani, jani ni pana karibu duara lenye shingo ya moyo na mishipa kadhaa inayoanzia pamoja, na kuyu zinabebwa kwa mafungu kwenye matawi manene na shinani. Halafu angalia kitawi chini ya kila jani: jamii ya mkuyu inaacha pete kamili inayokizunguka kitawi, kama mtu aliyekivalisha uzi.

Unaonisumbua hadi leo ni Antiaris toxicaria, kwa sababu unaota msitu mmoja na mvule, una kimo kilekile, utomvu uleule ukiwa bado mbichi, na jani linalokaribiana. Jina lake la kienyeji linabadilika kila wilaya, kwa hiyo natumia la kisayansi. Utenganishe hivi. Gome lake ni la kijivu cheupe, laini, lenye vidoti vya kupumulia, halibanduki vigamba. Utomvu wake uache dakika kadhaa kwenye karatasi nyeupe, utageuka kahawia. Kitawi chake kimepanga majani safu mbili nadhifu mpaka kinafanana na jani lililogawanyika vijani. Na tunda likitokea, hakuna tena swali: ni moja moja, dogo, la duara au yai, jekundu lenye ngozi kama mahameli.

Forsadi ya msituni, Morus mesozygia, ina mishipa mitatu shingoni na jani dogo zaidi. Inatosha kuihesabu mishipa hiyo.

Kumbuka pia majina. Nimepita vijiji viwili vinavyopakana, jina moja la kienyeji likitumika kwa miti miwili tofauti. Jina alilokupa mwenyeji liandike kama alivyolitamka, pamoja na lugha yake, kisha uendelee na jani, ua na tunda kana kwamba hukuambiwa.

Kuweka kumbukumbu na kuthibitisha

Piga picha sita kwa kila mti: mti mzima kwa mbali, gome kwa karibu na rula pembeni, jani upande wa juu, jani upande wa mgongo, shingo ya jani pamoja na kikonyo, na ua au tunda. Picha ya jani moja likiwa juu ya kiganja, ambayo ndiyo watu wengi hutuma wakiuliza "huu ni mti gani", mara nyingi haitoshi hata kwa mtaalamu.

Kama una ruhusa, chukua kitawi kimoja chenye majani matatu au manne na ua au tunda, kiweke kati ya magazeti, geuza jani moja ili mgongo uonekane, bana kwa ubao na mawe. Badilisha gazeti kila siku kwa wiki ya kwanza, la sivyo utomvu unagandisha karatasi na kuvu linaingia. Karatasi ya maelezo iwe na tarehe, mahali, mwinuko kutoka usawa wa bahari, kimo cha mti kwa kukadiria, rangi ya utomvu, na dume au jike. Rangi na utomvu haviwezi kusomeka tena sampuli ikishakauka, kwa hiyo viandike papo hapo, usitegemee kumbukumbu.

Sampuli kama hiyo unaweza kuipeleka ilinganishwe kwenye hifadhi ya mimea iliyokaushwa. Tanzania iko ya taifa Arusha na nyingine Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, Uganda iko Makerere, na Kenya iko Nairobi kwenye Makumbusho ya Taifa. Ile ya Nairobi ndiyo kubwa ya Afrika Mashariki, na makusanyo yake yalianzia Amani kabla ya kuhamishwa mwaka 1950, kwa hiyo mvule wa Usambara unakutana huko na ndugu zake waliokaushwa zamani.

Mti uliouthibitisha uwekee namba na sehemu yake kwenye ramani ya simu, na mbele yake herufi moja: D, J, au alama ya kuuliza. Orodha hiyo nenda nayo kwenye kamati ya maliasili ya kijiji. Anapokuja mtu na kibali cha kuvuna, kijiji kinachojua majike yake kinaweza kusema huu usiguswe, na kikatoa sababu.

Ukishalijua jike, mbegu

Chagua matunda yaliyobonyea, yaliyoanguka usiku uliopita. Yaloweke kwenye ndoo usiku mmoja, asubuhi yaponde kwa mkono, chuja kwa chekecheke la chai au chandarua cha zamani, mwaga makapi na mbegu zinazoelea. Zitandaze kivulini juu ya kitambaa, siku mbili tatu, zisipigwe na jua kali. Usizitunze kabatini kusubiri mwaka ujao kwa kuwa hupoteza uhai haraka. Zimwage juu ya udongo mlaini uliochanganywa na mchanga, ufunike kwa mchanga mwembamba kiasi cha kuzificha tu, nyunyizia maji kwa matone madogo zisichukuliwe, na weka kivuli chepesi juu yake.

Mche ukifikisha jani la nne au la tano, pitisha kidole kwenye ukingo. Ukikwaruzwa na meno madogo, umepanda mvule.